Jambia la urithi limetoka wapi? Anza na ala

Kila anayeniletea jambia la babu yake hapa Mji Mkongwe hulichomoa kwanza anionyeshe makali. Mimi sonara, nataka ala. Chuma huchakaa kikabadilishwa, na wafanyabiashara hawakuona taabu kutia chuma cha huku katika mpini wa kule.

Ilaze ala mezani. Ikiwa imekata kona ghafla, karibu pembe mraba, na ina pete nne au saba za fedha, hiyo ni ya Kiomani. Ya Yemen mara nyingi hupinda kama ndoana, mbao iliyovishwa ngozi, na mpini wake una kiuno chembamba na vifungo viwili vya mviringo kama sarafu. Ya Moroko ni rahisi: ncha ya ala imegeuka juu, na ina masikio mawili ya kupitishia kamba ya begani.

Kwa la Oman, sasa tazama mpini. Wa kawaida una kichwa bapa. Ukiwa umevishwa fedha tupu na kichwa kimechanua pembeni, hilo ni Saidi, lenye jina la ukoo wa kifalme. Ndilo unaloliona viunoni mwa masultani wa Zanzibar pichani.

Lakini lilifuliwa Maskati au Unguja? Ala haitakwambia, maana masonara wa huku walifuata mitindo ileile. Tafuta picha ya zamani ya mwenyewe akiwa amelivaa, uichunguze kwa lenzi: idadi ya pete, mkato wa nakshi, hata bonyeo. Picha moja yenye jina la studio nyuma yake naithamini kuliko hadithi kumi za mashangazi (wanisamehe).

Ukiambiwa umri wa jambia kwa mwaka wa sarafu, sarafu isikuhadae. Riale ya Maria Theresa, sarafu ya fedha ya Austria ambayo masonara waliiyeyusha kupata fedha, huandikwa 1780 hata ikiwa imepigwa miaka mia baadaye.

Geuza ala nyuma. Upande uliosugua kanzu lazima uwe umelika kuliko wa mbele. Ukikuta nakshi kali pande zote, uliza maswali. Na usiisugue kwa dawa ya kung'arishia kabla ya kuonyesha mtu, kwa sababu weusi ule wa mifereji ni ushahidi.

Mpini ukipitisha mwanga wa tochi kingoni, rangi ya asali, huenda ni pembe ya kifaru. Hapo usilisafirishe nje wala kuliuza kabla hujauliza idara ya wanyamapori.