Jinsi ya kuomba maoni juu ya upigaji wako wa piano: mfano wa Preludi namba 4 ya Chopin

Ukimaliza kupiga piano mbele ya watu ukauliza "Mmeonaje?", jibu unalijua: hongera, umepiga vizuri. Umeuliza swali pana, umepata jibu pana. Kwa sisi tunaojifunza jioni baada ya kazi, bila mwalimu wa kila wiki, hiyo ni hasara kubwa, maana nafasi ya kusikilizwa na mtu anayejali haipatikani kila siku. Mimi ni mfamasia, nakaa Sinza, Dar es Salaam. Jumapili napiga kinanda kwenye kwaya ya parokia, na usiku najifunza muziki wa piano kwenye kinanda cha umeme chenye funguo 88. Nitaeleza ninavyoomba maoni nikitumia kipande ambacho wengi wetu hukifikia mapema, Preludi namba 4, kipande kifupi cha piano cha mtunzi Chopin, katika ngazi ya E maina.

Kipo katika preludi zake 24 zilizochapishwa mwaka 1839. Kina vipimo 25 tu, yaani visehemu vya mapigo vinavyotengwa na mistari ya wima kwenye nota, kinaenea kwenye ukurasa mmoja, na nota zake unaweza kuzipakua bure kihalali. Mkono wa kulia unaimba wimbo mtulivu ambao mwanzoni unazunguka sauti mbili, B na C. Mkono wa kushoto unarudia kodi, yaani sauti tatu zinazopigwa kwa pamoja, mara nane katika kila kipimo, na kodi hizo zinashuka taratibu: mara nyingi sauti moja inasogea nusu hatua, yaani hadi ufunguo wa jirani kabisa, na nyingine zinabaki palepale. Kilipigwa kwa ogani kwenye mazishi ya Chopin mwenyewe, mwaka 1849, katika kanisa la Madeleine jijini Paris. Vidole havisumbuki sana, na kwa sababu hiyo hiyo kinafaa mno kuombea maoni. Mwendo ni wa polepole, kila kodi inasikika, kila kusita kunasikika.

Anza na rekodi. Zima feni, hata kama jasho litakutoka, kwa sababu mvumo wa feni unafunika kabisa zile kodi za mwisho zinazotakiwa kupigwa kwa sauti ndogo sana. Mimi hurekodi baada ya saa nne usiku, bodaboda zikishapungua. Kama una piano ya kweli, usiweke simu juu yake, mtetemo wote utaingia. Iweke kwenye stuli, hatua mbili tatu kutoka ulipo. Kama una kinanda cha umeme, rekodi ndani ya kinanda chenyewe au kwa waya, kisha piga tena video ya simu kwa ajili ya mwalimu, ionyeshe mikono, viwiko na mguu ulio kwenye pedali, ile inayoendeleza sauti baada ya vidole kuachia funguo.

Kuna jambo la simu ambalo watu wengi hawalifahamu. Simu nyingi zinaporekodi hupandisha zenyewe sauti ndogo na kubana sauti kubwa. Kwa mahubiri au kikao ni msaada. Kwa preludi hii ni balaa. Kilele chake kiko kwenye vipimo vya 16 na 17, ambapo Chopin ameweka alama ya kupiga kwa nguvu, na mwisho kuna kodi tatu zilizoandikwa *pp*, yaani kwa sauti ndogo sana. Kwenye rekodi ya simu, kilele na mwisho vinaweza kusikika karibu sawa. Msikilizaji atakwambia hujatofautisha nguvu, nawe utahangaika wiki nzima kusahihisha kosa la simu. Kama programu yako ya kurekodi inakuruhusu kuzima marekebisho hayo, yazime. Kama hairuhusu, mwambie msikilizaji mapema. Na usitume kama ujumbe wa sauti wa WhatsApp, kwa sababu sauti inabanwa tena. Ambatisha faili kama dokumenti.

Piga mara moja kutoka mwanzo hadi mwisho. Usikatekate rekodi ukaunga sehemu nzuri nzuri. Anayekusikiliza anahitaji kusikia unavyojinasua pale unapoteleza.

Kabla hujamtumia mtu yeyote, sikiliza mwenyewe kesho yake, nota mkononi, penseli mkononi, vipimo vyote ukiwa umeviandikia namba. Weka alama pale ulipotikisika. Yale uliyoyasikia mwenyewe yafanyie kazi kwanza. Sikio la mtu mwingine ni kwa ajili ya yale usiyoyasikia. Halafu tunga swali lenye mahali pake. Hivi ndivyo ninavyomwandikia mwalimu wangu wa zamani:

"Shikamoo Mwalimu. Natumai u mzima na nyumbani hawajambo. Nimerekodi Preludi namba 4 ya Chopin, haifiki dakika tatu. Naomba unisikilizie jambo moja tu: kuanzia kipimo cha 13 hadi cha 18, je, mkono wa kushoto unafunika wimbo? Picha ya nota yenye namba za vipimo nimeiambatisha. Hata wiki ijayo si neno, Mwalimu. Ahsante sana."

Ukimpa mtu dakika tatu za kusikiliza na swali moja la kujibu, atajibu. Ukimpa rekodi ya nusu saa na maneno "naomba maoni", ataiweka kando hadi apate nafasi, na nafasi hiyo haiji.

Pima pia ni nani unayemuuliza. Maoni bora niliyowahi kupata juu ya kipande hiki yalitoka kwa dada mmoja wa sauti ya kwanza kwenye kwaya yetu, ambaye hajawahi kugusa piano. Nilimwomba afuatishe wimbo wa mkono wa kulia kwa kuuimba kimoyomoyo, aniambie wapi pumzi inakatika vibaya. Alinisimamisha mwishoni mwa kipimo cha 4, pale B inaposhuka nusu hatua kuwa B flati kabla ya kuingia A ya kipimo cha 5. "Hapo umevuta pumzi," akasema, "na neno halijaisha." Nilitazama mkono wangu: nilikuwa nauinua ili kubadilisha kidole. Sikio lake lilisikia kiwiko changu. Tangu hapo nabadilisha kidole nikiwa bado nimeshikilia ile B, na zile sauti tatu zinashuka zimeshikana. Wanafunzi wa Chopin waliacha kumbukumbu kwamba alikuwa akiwahimiza wasikilize waimbaji wakubwa wa opera ili wajifunze kupiga piano, kwa hiyo kumpelekea mwimbaji preludi yake ni kufuata njia aliyoionyesha mwenyewe.

Mwalimu wa kwaya mpe suala la mwendo. Kipande kimeandikwa kwa mapigo mawili katika kipimo, na wengi hukihesabu manne, kikawa kizito kama mtu anayepanda ngazi amebeba gunia. Mwombe asiseme chochote. Apige mkono kama anavyoongoza kwaya huku rekodi inalia. Pale mkono wake unapolazimika kungoja au kukimbia, andika namba ya kipimo.

Mwalimu wa piano anaona ambayo hao wengine hawawezi: pedali, vidole, uzito wa mkono. Huyu ni mtu wa kazi yake, kwa hiyo mlipe kipindi kimoja badala ya kumwomba kila mara "nisikilizie kidogo". Saa moja ya mtu anayekuona mguu inazidi ujumbe mwingi wa simu. Kwenye kipande hiki mwulize juu ya pedali tu, kodi kwa kodi, kwani sauti moja ikibaki kutoka kodi iliyopita, ile nusu hatua ambayo Chopin ameisogeza inapotea kwenye ukungu.

Na watu wa nyumbani? Usiwadharau. Mama mdogo hajui kipimo ni nini, lakini anajua mawazo yake yalihama lini. Mwambie ainue mkono kila anapojikuta anafikiria chakula au simu. Akiinua kati ya kipimo cha 9 na cha 12, pengine umeupiga ule mzunguko wa kwanza kwa sauti ya namna moja mwanzo mwisho, na hakuna kilichomshika.

Maoni yatakuja yakigongana. Mmoja atasema kwenye kipimo cha 16 umekimbia. Mwingine atasema hapo hapo pedali imechafuka. Wa tatu atasema wimbo umezama. Usichague unayempenda zaidi. Wote wameonyesha mahali pamoja, na hiyo ndiyo habari yenyewe. Dawa waliyopendekeza ni jambo jingine. Kwanza rudi kwenye nota. Pale pameandikwa *stretto*, yaani mwendo unaruhusiwa kusukumwa mbele, kwa hiyo anayesema umekimbia huenda amesikia kilichoandikwa. Kisha piga mkono wa kushoto peke yake. Nilipofanya hivyo niligundua kodi zilikuwa zinakua kubwa kuliko wimbo, nami nikawa nakanyaga pedali ndefu zaidi kuubeba wimbo. Chanzo kilikuwa kimoja, malalamiko matatu. Chopin aliwaambia wanafunzi wake kwamba mkono wa kushoto ndio kiongozi wa bendi, unashika muda. Kiongozi hapaswi kupiga kelele kuliko waimbaji.

Kama unataka maoni ya mtu asiyekufahamu kabisa, mitihani ya ABRSM, bodi ya mitihani ya muziki ya Uingereza, inafanyika Tanzania, Kenya na Uganda, na siku hizi kuna ya kutuma video: vipande vinne vilivyorekodiwa kwa mfululizo bila kukatwa. Kila kipande kina alama 30, na upigaji mzima kwa ujumla una 30 nyingine. Jumla 150, kufaulu ni 100. Msahihishaji anaandika alichokisikia kwa kila kipande. Hakufundishi namna ya kurekebisha, na usimtarajie hivyo. Peleka karatasi yake kwa mwalimu wako msome pamoja, maana yeye ndiye anayejua mkono wako.

Ukisharekebisha, mrudishie kila aliyekusaidia, na usimtumie kipande kizima tena. Mwalimu apate kipimo cha 13 hadi cha 18 tu. Dada wa sauti ya kwanza apate vipimo vitano vya mwanzo. Waandikie ulichobadilisha kwa sentensi moja, na uulize swali jipya ikiwa lipo. Langu la sasa ni kile kimya chenye alama ya kusimama kwenye kipimo cha 23, kabla ya kodi tatu za mwisho: nikae muda gani kabla msikilizaji hajadhani nimesahau? Hilo nimelipeleka kwa watu watano, kila mmoja ahesabu kimoyomoyo na kunitajia namba.