Jinsi ya kupita traboule za Lyon ukaelewa unachokiona

Kama unaenda Lyon kule Ufaransa usiondoke bila kupita traboule hata moja, tena usipite mbio mbio upige picha basi. Na usidhani ni kichochoro kama vile tulivyozoea, cha katikati ya nyumba na nyumba, hapana, hii inaingia ndani ya nyumba yenyewe, unasukuma mlango wa barabarani unapita koridoni gizani unatokea uani kwa watu, unaingia chini ya nyumba ingine, alafu ghafla uko mtaa wa pili.

Panda metro laini D ushuke Vieux Lyon, yaani mji mkongwe. Kabla hujaingia popote simama uangalie mji ulivyokaa: huku kilima cha Fourvière, huku mto Saône, nyumba zimebanwa katikati. Ndo maana mitaa mirefu kama Saint-Jean na Bœuf inaufuata mto na ya kukatiza ni michache sana, kwa hiyo watu wa zamani badala ya kuzunguka kote huko wakatoboa njia kwenye majumba.

Sasa nenda rue (yaani mtaa) Saint-Jean namba 54, traboule hiyo ndo ndefu kuliko zote za mji mkongwe. Nenda asubuhi. Mlango ukiukuta umefungwa usukume kwanza, ila kengele za wapangaji usiziguse kabisa! Humo ndani wanaishi watu, wanalala, wana watoto, nyumba ni zao na wamekubaliana na manispaa wakuachie upite, so ongea chini chini na ngazi za kwenda juu ziache. Ukifika uani inua macho utazame veranda za mawe na matao, usikimbilie kutoka. Utatokezea rue du Bœuf namba 27, na ukiwa hapo hapo tafuta namba 16 uone ule mnara wa rangi ya waridi, ngazi yake inazunguka kama konokono.

Zile za mtaa wa Croix-Rousse sio za kale hivyo, ni za karne ya 19, lakini mimi ndo zinanigusa zaidi. Huko walikaa wafumaji wa hariri, wanaitwa canuts, na nyumba zao zina dari juu sana, kama mita 4, ili mtambo wa kufumia wa Jacquard uenee. Kwenye traboule walipitisha hariri isiloe mvua, na mwaka 1831 wakaingia barabarani kudai bei ya haki ya kazi zao. Vita vya pili vya dunia, wapinzani wa Wajerumani nao wakazitumia kuwakwepa.

Ya kuiona huko ni Cour des Voraces, ingilia place Colbert namba 9, ushuke na ile ngazi kubwa ya mawe mpaka utokee rue Imbert-Colomès namba 29. Anzia juu hivyo hivyo, ukianzia chini ngazi zitakumaliza.