Somo: Mazabodi na prosesa, hakikisha zinapatana kabla dola hazijatoka mfukoni

Hapa Lubumbashi wachache sana hununua kompyuta ya mezani ikiwa kamili. Prosesa, ubongo wa kompyuta, inaletwa na ndugu anayetoka Dubai; mazabodi, ubao mkuu unaobeba vipande vyote, inapatikana mjini kwa muuzaji wa vifaa vilivyotumika; RAM, kumbukumbu ya kazi, inachomolewa kwenye mashine ya zamani ya ofisi. Siku ya kuunganisha ndipo mtu anagundua kwamba vipande havipatani, na muuzaji alishasema mapema: kikitoka hapa hakirudi. Kwa hiyo kazi hii inafanyika kabla ya kulipa. Simu na mega kidogo zinatosha.

Hatua ya 1: Pata majina kamili

"Core i5" si jina, ni ukoo. i5-6500 ilitoka 2015, i5-12400 ilitoka 2022, na hakuna mazabodi moja inayozipokea zote mbili. Soma maandishi yaliyochongwa kwenye kifuniko cha chuma cha prosesa yenyewe. Kama pesti ya joto imeyafunika, mwombe muuzaji aipanguse. Stika iliyobandikwa mbele ya kasha usiiamini, kasha linaweza kuwa limebadilishwa matumbo mara tatu.

Kwa mazabodi, jina huandikwa kwa herufi kubwa katikati ya ubao, mara nyingi karibu na sloti ya kadi ya picha. Lichukue lote hadi herufi ya mwisho. MSI B450 TOMAHAWK na B450 TOMAHAWK MAX zinaonekana kama pacha, lakini chipu ya BIOS (programu ndogo ya ubao inayoiwasha kompyuta) ya MAX ni ya megabaiti 32 wakati ya mwenzake ni 16, na orodha zao za prosesa ni mbili tofauti. Kwenye mazabodi za Gigabyte tafuta pia pembeni maandishi madogo ya "REV", yaani toleo la ubao. Mashine ikiwa inawaka, andika msinfo32 kwenye sehemu ya kutafuta ya Windows, jina la mazabodi na toleo la BIOS vyote vitatokea.

Hatua ya 2: Soketi

Soketi ni kitako cha mazabodi ambamo prosesa inakaa. Hapa ni haraka. Watengenezaji wa prosesa ni AMD na Intel. AMD wana mbili za kujua: AM4, iliyobeba Ryzen, prosesa zao, kuanzia 2017 hadi kizazi cha 5000, na AM5 ya 2022, kwa ajili ya 7000, 8000 na 9000. AM4 pini ziko chini ya prosesa, AM5 ziko kwenye mazabodi.

Kwa Intel, namba ya soketi ni idadi ya viunganishi, na kizazi unakisoma mwanzoni mwa namba ya prosesa: i5-6500 ni cha 6, i5-12400 ni cha 12. LGA1155 ni kizazi cha 2 na cha 3, LGA1150 cha 4, LGA1151 kuanzia cha 6 hadi cha 9, LGA1200 cha 10 na cha 11, LGA1700 cha 12 hadi cha 14. Core Ultra 200S, zilizotoka mwishoni mwa 2024, zinakaa kwenye LGA1851.

Soketi zikitofautiana, mazungumzo yameisha. Zikifanana, ndiyo kwanza yanaanza.

Hatua ya 3: Chipseti na BIOS

Pesa za watu wengi zimezama hapa, kwa sababu prosesa inaingia vizuri, kifungo kinafungwa, kila mtu anafurahi, halafu skrini inabaki nyeusi.

Mtego mkubwa ni LGA1151. Kizazi cha 6 na 7 kinataka chipseti (chipu ya ubao inayoratibu vipande vyake, jina lake limo ndani ya jina la mazabodi) za mfululizo wa 100 na 200, yaani H110, B150, B250, Z270 na wenzake. Kizazi cha 8 na 9 kinataka za 300: H310, B360, B365, Z390. Umbo ni lile lile, ila Intel walibadilisha kazi za baadhi ya viunganishi. Muuzaji anayekuonyesha kwamba "inaingia" hajakuonyesha kitu.

Mtego wa pili uko LGA1200. H410 na B460 zilitengenezwa kwa kizazi cha 10, na cha 11 hazikuandaliwa kukipokea. Anayetaka i5-11400 atafute H510, B560 au zaidi.

Kwa AM4 hali ni ya ajabu kidogo, maana mazabodi mpya inaweza kukataa prosesa ya zamani. B550 haikupewa Ryzen 1000 wala 2000. Kinyume chake, B450 ya 2018 inaweza kubeba Ryzen 5 5600 ya 2022, mradi BIOS yake imesasishwa.

Kwa hiyo hakimu ni mmoja: ukurasa wa mazabodi yenyewe kwenye tovuti ya aliyeitengeneza. Andika jina kamili, fungua sehemu ya msaada, tafuta orodha ya prosesa. Kila mstari una jina la prosesa, na pembeni toleo la BIOS ambalo ilianza kukubaliwa. Hilo toleo ndilo watu wanaruka. Prosesa ikiwa inataka toleo la F50 na ubao una F2, umenunua kazi ya ziada. Mimi orodha ya mtengenezaji naipa uzito kuliko video yoyote na kuliko fundi yeyote, nikiwemo mimi.

Hatua ya 4: RAM

DDR4 na DDR5 ni aina za RAM. AM4 ni DDR4 tu. AM5 na LGA1851 ni DDR5 tu. LGA1700 inategemea ubao: kuna wa DDR4 na kuna wa DDR5, na pengo la katikati ya kipande cha RAM halikai mahali pamoja, kwa hiyo usilazimishe.

Hatua ya 5: Picha na umeme

Herufi F mwishoni mwa jina la prosesa ya Intel ina maana prosesa haitoi picha, lazima uwe na kadi ya picha. Kwa Ryzen za AM4, zenye kutoa picha ni zile zenye herufi G mwishoni. Umeme nao utazame: i3-12100F haizidi wati 89 ikikimbia, i7-14700K inafika 253. Ubao wa bei ya chini usio na vipoza-joto kuzunguka soketi utaiwasha hiyo ya pili, kisha utaipunguza kasi, na joto la mwezi wa kumi la huku kwetu halitausaidia.

Hatua ya 6: Tazama pini mwenyewe

Kwa mazabodi iliyotumika ya Intel au AM5, omba kifuniko cha soketi kifunguliwe. Washa tochi ya simu, imulike kwa ubavu, si kutoka juu. Pini nzima zinang'aa kwa mistari iliyonyooka, zote kuelekea upande mmoja. Mahali mng'ao unapokatika au nukta moja inawaka nje ya mstari, pini imelala. Geuza ubao nusu mzunguko, mulika tena, maana iliyolala kwa upande mmoja hujificha ukiitazama kutoka upande mwingine. Usiguse kwa kidole. Na muuzaji akikataa kufungua, nenda zako.

Maswali ya wanachama

Wa Katuba: Yaya, aksanti kwa somo. Nina H110 na i5-6400. Kuna mtu ananiuzia i5-9400F, bei nzuri. Niichukue?

Jibu: Hapana mdogo wangu, ndiyo mtego wa hatua ya 3. Itaingia, haitawaka. Na hata ingewaka, ile F ingekunyima picha kama huna kadi ya picha. Kwenye H110 mwisho wako ni kizazi cha 7, kama i7-7700, baada ya kusasisha BIOS na kuangalia kama ubao wako unaitaja.

Wa Bukavu: Mukubwa, B450 yangu na Ryzen 5 5600, feni zinazunguka lakini hakuna picha. Kadi ya picha ni nzima, nimeijaribu kwa jirani.

Jibu: Karibu hakika ni BIOS ya zamani. Angalia nyuma kama kuna kitufe cha Flashback, au Q-Flash Plus kwa Gigabyte, cha kusasisha BIOS kutoka kwenye flashi. Kama kipo, weka faili ya BIOS kwenye flashi ya FAT32, ipe jina ambalo mwongozo unataka, washa umeme wa ubao tu, kisha bonyeza kitufe hicho. Kazi hiyo haihitaji prosesa kufanya kazi. Kama hakipo, azima kwa fundi Ryzen 5 2600, ambayo BIOS ya zamani inaikubali, kwa nusu saa, usasishe BIOS ukiwa nayo. Lakini usianze bila inverta yenye betri! Umeme ukikatika katikati ya kusasisha, ubao unaweza kufa pale pale.

Wa Kampemba: Nina Dell OptiPlex ya ofisi, i5 kizazi cha 4. Naweza kuiwekea i5-12400?

Jibu: Hapana papa, hiyo ni LGA1150. Nenda mpaka i7-4790 kama orodha ya Dell inaitaja kwa modeli yako. Kubadilisha mazabodi nzima ndani ya kasha hilo nako ni taabu, kwa sababu OptiPlex nyingi za wakati ule zina plagi ya umeme ya Dell wenyewe. Na ujue Windows 11 rasmi inaanzia Intel kizazi cha 8.

Wa Goma: Nina RAM mbili za DDR4, giga 8 kila moja. Nimeona H610 na i3-12100F. Zitapatana?

Jibu: Prosesa na ubao ndiyo. RAM inategemea jina: ASUS PRIME H610M-K D4 inachukua DDR4, ile isiyo na D4 usikimbilie kulipa kabla ya kusoma ukurasa wake. Kadi ya picha unayo, mama? Hiyo ni F.

Wa Ruashi: Nimepewa i7-14700K iliyotumika, na H610 ninayo tayari.

Jibu: Orodha inaweza kuikubali, mimi siikubali. Wati nimeshazitaja. Zaidi ya hayo, prosesa kubwa za kizazi cha 13 na 14 zilikuwa na kasoro ya volti; Intel walitoa marekebisho kupitia BIOS mwaka 2024, lakini iliyokwisha kuharibika hayairudishi. Huwezi kujua hiyo iliendeshwa na BIOS gani kabla yako. Chukua i5-12400 na pesa inayobaki uiweke kwenye pawasaplai nzuri. Ukiwa bado na shaka, tuma picha ya katikati ya ubao, jina lisomeke lote, nikutazamie orodha.