Mtoto Akifariki Kabla au Baada ya Kuzaliwa: Mwongozo kwa Wazazi Wakatoliki

Mtoto akizaliwa hai lakini hali yake ikawa mbaya, kama inavyotokea kwa baadhi ya watoto njiti, msisubiri padre ajinasue kwenye foleni ya magari ya Ubungo, hapa Dar es Salaam. Kanuni ya 861 ya Sheria za Kanisa inamruhusu mtu yeyote mwenye nia ya kutenda linalokusudiwa na Kanisa kubatiza wakati wa dharura, awe mkunga, baba wa mtoto au hata muuguzi wa dini nyingine. Ammwagie mtoto maji kichwani mara tatu huku akitamka, "Nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu," akitanguliza jina kama limekwisha kuchaguliwa. Kanuni ya 871 inaelekeza hivyo hivyo kwa mimba iliyotoka, ikiwa kiumbe bado kina uhai. Baadaye paroko ajulishwe ili ubatizo uandikwe katika daftari la parokia.

Mtoto aliyekwisha kufariki habatizwi, kwa kuwa sakramenti ni za walio hai, na hapo ndipo wazazi wengi wanapobaki na donda. Wapo wazee ambao bado wanawaambia kwamba mtoto huyo yuko limbo, yaani mahali nje ya mbingu palipodhaniwa kuwa pa watoto waliokufa bila ubatizo, ilhali limbo haijawahi kuwa fundisho la imani lililotangazwa rasmi. Katekisimu, namba 1261, inasema kwamba Kanisa linawakabidhi watoto hao kwa huruma ya Mungu, likikumbuka maneno ya Yesu, "Waacheni watoto wadogo waje kwangu," na mwaka 2007 Tume ya Kimataifa ya Teolojia ya Vatikani ilieleza kwa kirefu misingi ya tumaini la wokovu wao. Mpeni jina hata kama hakubatizwa.

Kabla ya kutoka wodini, mwambieni muuguzi wa zamu kwamba mnataka kumwona mtoto na kuuchukua mwili wake, hata kama mimba ilikuwa bado changa, kwa sababu ombi likichelewa mwili unaweza kuwa umeshaondolewa. Kisha mpigieni simu katekista au mwenyekiti wa jumuiya yenu ndogo ya Kikristo. Kwa kanuni ya 1183, askofu wa jimbo anaweza kuruhusu mazishi ya Kikatoliki kwa mtoto ambaye wazazi wake walikusudia kumbatiza, kwa hiyo msikubali kujibiwa juu juu kwamba asiyebatizwa hana ibada. Ombeni paroko afuatilie kibali. Jijini mwetu kichanga huzikwa upesi na wanaume wachache huku mama akiwa bado kitandani. Sioni sababu ya haraka hiyo: kama madaktari wanatarajia kumruhusu mama kesho yake, mazishi yamngoje, maana wapo akina mama ambao hadi leo hawajui kaburi la mtoto wao liko wapi.

Wanajumuiya wanaokuja kusali rozari wana nia njema, lakini "Mungu atawapa mwingine" ni kauli inayochoma, hasa ikisemwa siku ya kwanza. Mwenyekiti aombwe mapema kuwaambia kwamba pole na ukimya vinatosha. Baba naye apewe pole yake, kwani aliyekaa nje kwenye viti chini ya turubai amefiwa pia.

Mama anayejilaumu kwa kubeba ndoo ya maji au kupanda daladala yenye msukosuko aelezwe kwamba mimba nyingi zinazoharibika katika miezi mitatu ya kwanza hutokana na hitilafu za kromosomu. Kuharibikiwa mimba si dhambi, na hakuna cha kuungama hapo. Akiona wiki zinapita hali chakula wala hapati usingizi, aende kwa daktari. Kumwona padre peke yake hakutoshi.

Katika ofisi ya parokia mnaweza kuandikisha nia ya Misa wakati wowote kwa ajili ya faraja yenu. Baadhi ya wazazi huchagua tarehe 28 Desemba, sikukuu ya Watoto Mashahidi, wale waliouawa na Herode. Tarehe 2 Novemba, familia zinapokwenda makaburini kuwaombea marehemu, kaburi lile dogo nalo liwashiwe mshumaa, na wadogo zake watakaozaliwa baadaye waambiwe jina lake.