Kabla ya kutolewa jiwe la figo kwa tundu, uliza mkojo utapitia wapi

Upasuaji wa tundu dogo mgongoni umewaepusha wengi na kisu kirefu cha ubavuni, hasa wenye mawe yanayozidi sentimita 2. Ila jiwe likitoka, figo huvuja damu kwa muda na njia ya mkojo huvimba. Lazima mkojo upate pa kupita. Zungumza na daktari kabla ya kusaini fomu.

Kupima maambukizi kwenye mkojo: lazima. Dawa za kuzuia damu kuganda: zitaje zote.

Mrija wa mgongoni, unaoachwa kwenye tundu hilo, humimina mkojo kwenye mfuko, mara nyingi kwa siku 1 hadi 3. Mfuko ukae chini ya usawa wa figo, mrija usikunjike. Mkojo mwekundu mwanzoni ni kawaida; mabonge ya damu au mfuko kukauka ghafla, mwite nesi. Mrija ukishatolewa, bandeji inaweza kulowa mkojo, kwa hiyo beba nguo za kubadilisha.

Wengine hawawekewi mrija huo. Maumivu hupungua na hurudi nyumbani mapema, lakini penye usaha, damu nyingi au mawe yaliyobaki, usimshinikize daktari auache.

Stenti ndiyo inayonikosesha usingizi. Ni mrija laini wa ndani, kutoka figo hadi kibofu, umejikunja ncha zote mbili. Hauonekani, na hapo ndipo hatari ilipo. Shemeji yangu alifanyiwa Dar es Salaam akarudi Songea. Alikojoa mara kwa mara, ubavu ukimchoma kila akikojoa, akadhani ndiyo kupona kwenyewe. Kisha akazoea. Karatasi ya ruhusa haikuwa na tarehe ya kutoa stenti, wala nyumbani hatukujua kwamba ana kitu ndani. Zaidi ya mwaka ukapita, akaanza kukojoa damu. Eksirei ikaonyesha stenti imevikwa mawe juu na chini. Kazi ya kuitoa, ambayo kwa kawaida ni ya dakika chache, kwa kamera na jeli ya ganzi, ikawa kuvunja mawe upya, na gharama upya.

Stenti nyingi hutolewa ndani ya wiki chache. Kupita miezi 3 ni kutafuta balaa. Dai tarehe iandikwe, uliza bei ya kuitoa na kama bima inalipa, na mtu mwingine nyumbani ajue. Ikiwa ina uzi unaotokea nje, usiuvute bila maelekezo.

Kunywa maji, usibebe mizigo mizito mpaka uruhusiwe, na ukipata homa ya kutetemeka usiku, nenda hospitali usiku huohuo.