Wageni wa klabu wanaotua usiku wa manane

Kwa wenzangu wa Rotary, Lions na klabu nyingine mnaopokea wageni kutoka ng'ambo: msimtumie dereva saa ya tiketi ilivyo. Tiketi ikisema 01:30 Jumamosi, mwandikie "usiku wa KUAMKIA Jumamosi, saa saba na nusu, ondoka nyumbani Ijumaa baada ya chakula cha usiku." Kwa tiketi, siku mpya huanza saa sita usiku, kwetu, usiku wa Jumamosi ni ule unaofuata mchana wa Jumamosi. Sisi tulishafika KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, na bango letu na maua, mgeni ana saa ishirini na kitu tangu atue.

Saa ya kutua kwenye tiketi ni ya hapa kwetu tayari, usiongeze wala kupunguza. Ila mbinu hii haisaidii mgeni akikutajia saa kwa mdomo: huenda anahesabu kwa saa za kwao, na aliyejifunza Kiswahili kidogo ndiyo balaa zaidi, maana "saa mbili" yake hujui ni ipi. Mwombe picha ya tiketi.