Kabla ya kuvaa kofia ya vipimo: kwa mtoto aliyealikwa kwenye utafiti wa ubongo

Mama amekwambia kuna watafiti hapa Kisumu wanaotaka kujua ubongo wa mtoto unafanyaje kazi, na wameuliza kama utapenda kusaidia. Usikimbilie kupanda matatu. Kaeni kwanza, karatasi ya maelezo isomwe kwa sauti, kwa lugha unayoielewa wewe, iwe Kiswahili au Dholuo. Neno likikushinda, simamisha msomaji.

Kwa kuwa hujafika miaka 18, mzazi au mlezi ndiye anayetia sahihi. Lakini wewe nawe lazima uulizwe. Ukisema hutaki, hutaki. Unaweza kusema hivyo siku yenyewe, hata kofia ikiwa tayari kichwani, na hakuna anayepaswa kukugombeza wala kukunyima matibabu kwa sababu hiyo. Hili nalisisitiza kwa sababu watoto wetu wamefunzwa kuwatii wakubwa, na heshima hiyo ni nzuri, ila hapa jibu lako linahitajika liwe la kweli. Mzazi naye aombe kuona kibali cha NACOSTI, tume ya serikali inayoruhusu utafiti nchini Kenya, na barua ya kamati ya maadili, kwa mfano ile ya Chuo Kikuu cha Maseno au ya hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga. Kamati hiyo husoma mpango wote kabla mtoto yeyote hajaguswa.

Sasa nywele. Kofia ina vidude vidogo viitwavyo elektrodi vinavyopima umeme wa ubongo, na kila kimoja lazima kikaribie ngozi ya kichwa kabisa. Betri ndogo ya rimoti ina volti 1.5, umeme wa ubongo unaofika juu ya ngozi hupimwa kwa sehemu za milioni za volti moja. Ni mnong'ono. Mafuta ya nywele huuziba, na nywele za bandia huiinua kofia. Kwa hiyo osha kichwa usiku wa kuamkia siku hiyo, usipake mafuta wala jeli. Kama umesukwa, usifumue kwanza. Mama apige simu aulize, maana kusukwa ni pesa, na mistari ya chini iliyopangwa vizuri huweza kuacha nafasi ya elektrodi. Kofia nyingi zilibuniwa na watu wasiofikiria nywele kama zetu. Hilo ni kosa la kofia, nywele zako hazina kosa.

Je, inauma? Hapana. Kofia haikuingizii umeme, inasikiliza tu. Daktari Mjerumani Hans Berger alinasa mawimbi ya umeme wa ubongo kwa binadamu mara ya kwanza mwaka 1924, na kati ya waliomkubalia awapime alikuwamo mwanawe mwenyewe, Klaus. Utahisi maji au jeli baridi kichwani, basi. Ila kupepesa macho, kutafuna na kuuma meno hutoa mawimbi makubwa yanayofunika yale ya ubongo. Jaribu nyumbani: tazama alama moja ukutani bila kujitikisa huku ndugu yako akihesabu hadi 60.

Ikiwa utaingia kwenye mashine ya MRI, inayopiga picha za ndani ya kichwa, hiyo ni sumaku kubwa sana yenye kelele za kugonga. Hereni, vibanio, sarafu na nguo yenye zipu vibaki nje, na utapewa vya kuziba masikio. Kama una chuma chochote mwilini, sema mapema.

Lala mapema, kula asubuhi, na kama unameza dawa, endelea kuzimeza. Ukiamka na homa, pelekwa kliniki upimwe malaria, utafiti utasubiri.

Huu si mtihani, hakuna wa kwanza wala wa mwisho. Kwenye rekodi, mahali pa jina lako panastahili kuwekwa namba. Andika maswali yako kwenye daftari uende nalo: itachukua muda gani, nani ataona picha zangu, mama atakaa wapi, na nauli ya kurudi nyumbani inatoka kwa nani?